Sauti Kutoka Barazani

Nyuma ya kasha langu la muziki kuna skurubu kumi na sita: nane za shaba na nane za chuma. Za chuma si za asili. Nilizitia Januari 1988, baada ya nyingine kupotelea kwenye vumbi la barabara pale mpakani Busia. Kila nikipangusa kasha hilo vidole vyangu huzikuta, nami hukumbuka mwaka nilioujenga mtambo huu, watu walioyajenga masikio yangu kabla ya hapo, na amana ambayo ilinibidi niifungue kwa bisibisi.

Baba yangu alikuwa Msamia wa upande wa Kenya. Mama alikuwa Mteso wa upande wa Tororo. Kwetu mpaka ulikuwa njia ya kwenda kwa wajomba. Kaka yake Mama alikuwa fundi cherehani, na kuanzia 1958 hadi 1972 cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa mjini Tororo, barabarani, mahali ambapo ukiinua macho unaliona Jabali la Tororo limesimama juu ya mabati ya mji. Mwenye duka alikuwa Mhindi. Mteja alichagua kitambaa ndani, akapimiwa, akatoka nacho hadi kwa Mjomba, akapimwa yeye. Kwa miaka kumi na minne watu hao wawili walifanya kazi huku mlango mmoja tu ukiwatenganisha.

Ndani ya duka, nyuma ya meza ya kupimia, palikuwa na rediogramu ya Pye iliyotoka Cambridge, Uingereza. Ilikuwa kabati la mbao linalong'aa, redio upande mmoja, upande wa pili mashine ya santuri ya Garrard iliyoweza kuangusha santuri moja baada ya nyingine bila kuguswa. Asubuhi, duka likiwa tulivu, mwenyewe alipiga nyimbo za filamu za Bombay: Mohammed Rafi, Lata Mangeshkar. Alasiri, hasa msimu wa pamba ulipowatia wakulima fedha mkononi, alibadilisha. Akawapigia Daudi Kabaka, Fadhili William, Franco na OK Jazz, nao wapita njia wakapunguza mwendo.

Nilizaliwa mwaka uleule Mjomba alipoanza kazi pale. Kila likizo nilipelekwa kwake, nikaketi sakafuni kando ya kanyagio la cherehani nikiokota vifungo. Sauti ya rediogramu ilitufikia ikiwa imekwisha kupita kwenye majora ya vitambaa, ikapinda mlangoni, ikatua kwenye saruji ya baraza. Ilifika bila makali. Gitaa lilisikika la mviringo, sauti ya mwimbaji ikawa karibu kama ya mtu anayezungumza chumba cha pili. Mjomba alikanyaga cherehani akifuata mapigo ya wimbo. Wimbo ulipoisha na santuri nyingine haijaanguka, mguu wake ulisita hewani. Nilidhani muziki wote duniani husikika hivyo.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, wakapewa siku 90. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na likizo ile niliona duka likipungua rafu moja baada ya nyingine. Watu wengi waliuza vitu vyao kwa bei ya kutupa, wengine wakaviacha. Mwenye duka hakuiuza rediogramu. Usiku mmoja yeye na Mjomba waliifunga kwa mablanketi, wakaipakia kwenye mkokoteni wakaisukuma hadi nyumbani kwa Mjomba. Mjomba alinisimulia mara nyingi maneno ya mwisho. "Fundi, nitunzie. Nikirudi nitaichukua." Naye akamjibu, "Bwana, utaikuta."

Hakuiwasha hata siku moja. Miaka ile kuonekana na chombo cha thamani ilikuwa hatari, na baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 fujo ziliendelea kwa namna nyingine. Aliiweka chumba cha nyuma, akaifunika kwa magunia, juu yake akapanga mtama. Lakini naamini hata amani ingekuwepo asingeiwasha. Kitu cha amana hakichezewi.

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kenya, nina mke na mtoto mmoja, na nyumba yenye mabati mapya. Tangu mshahara wangu wa kwanza nilikuwa nikinunua santuri, na nilizicheza kwa kichezeo kidogo cha Philips cha betri ambacho spika yake ilikuwa kwenye kifuniko. Kilitoa sauti, lakini hakikutoa ile niliyoitaka. Baa moja mjini Busia ilikuwa na spika mbili zilizolingana na mtu kwa kimo, na kila mtu aliyezisikia alitamka neno stirio kwa heshima. Nikajiambia nitajenga stirio.

Nilipomwomba Mjomba rediogramu alinyamaza muda mrefu, kisha tukaenda chumba cha nyuma tukayaondoa magunia. Mchwa walikuwa wameila miguu na ubao wote wa chini. Mjomba alipitisha kiganja juu ya kile kilichobaki. Niliona amana ilivyomlemea: kuiacha hivyo kulikuwa kuipoteza, kuifungua kulikuwa kuvunja neno. Hatimaye akasema, "Mpwa wangu, ifungue. Lakini usitupe hata msumari. Mwenyewe akija aikute yote, hata kama iko vipande vipande."

Fundi niliyempelekea alikuwa Tororo hapohapo. Alijifunza kazi kwenye simu za Reli ya Afrika Mashariki, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 naye akabaki na mikono yake na kopo la vifaa. Fedha za Uganda zilikuwa zimebadilishwa mwezi Mei, sifuri mbili zikakatwa na asilimia 30 ikabaki serikalini, kwa hiyo fundi hakutaka noti. Tulikubaliana nimlipe kwa sukari ya Mumias, sabuni, na vipuri nitakavyomletea kutoka Nairobi.

Nilimweleza juu ya spika mbili za kimo cha mtu. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Mwalimu, una santuri ngapi?"

"Sabini na tano."

"Ngapi kubwa za stirio?"

Nikahesabu moyoni. "Nne."

"Na hizo sabini na moja?"

Zilikuwa santuri ndogo za mizunguko 45: za Chandarana wa Kericho, za Oluoch Kanindo, za Mbaraka Mwinshehe, za bendi za Wakongo waliohamia Nairobi. Alizigeuza chache, akanieleza kwamba karibu zote zilirekodiwa kwa mono, sauti moja kwa pande zote mbili. Spika mbili zingeitoa sauti ileile mara mbili. "Unataka kujengea santuri nne nyumba ya vyumba viwili," alisema, "hizi sabini na moja zikalale nje?"

Siku ile niliona aibu. Leo naona kwamba swali lake ndilo swali la kwanza la kila mtu anayetaka kujenga chombo cha muziki nyumbani kwake, awe na fedha au hana: unasikiliza nini hasa? Si kile ambacho jirani atakisifu, bali kile unachokiweka chini ya sindano ukiwa peke yako.

Swali la pili lilihusu umeme. Tororo ilikuwa nao tangu zamani. Umeme wa bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, ulipita Tororo na tangu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 ulivuka hadi Kenya. Lakini nyaya hizo hazikushuka kijijini kwetu. Mimi nilikuwa na betri ya gari ya volti 12, niliyoipeleka mjini kuchajiwa nikiifunga nyuma ya baiskeli. Fundi alitikisa kichwa alipoziona valvu za EL84 ndani ya rediogramu. Valvu hutaka umeme wa volti mia kadhaa, na kabla ya kuimba hula nguvu kwa kujipasha moto tu. Mota ya Garrard nayo ilitaka umeme wa ukutani. Tukavitoa, tukavifunga kwa pamba na gazeti, tukaviweka ndani ya sanduku la bati pamoja na misumari yote.

Kilichobaki kilikuwa spika, nacho ndicho kilichomfurahisha. Ilikuwa ya umbo la yai, karatasi yake nyepesi kama jani kavu la mgomba. Aliigusa kwa ncha ya kidole ikaitika. Kipimo chake kilikuwa omu tatu, na kwa betri ya volti 12 omu chache ni neema, maana mkondo unapita kwa wingi bila kuhitaji volti kubwa. "Watu hununua wati," alisema. "Wewe nunua spika inayosema kwa wati chache." Akanifundisha jambo ambalo sijalisahau: ukitoka wati nne kwenda nane, sikio linasikia nyongeza ndogo tu. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu, nguvu inabidi iongezeke karibu mara kumi. Spika nyepesi na wati nne zingeijaza sebule yangu, na betri ingekaa karibu wiki mbili.

Amplifaya aliijenga kwa jozi ya transista za AD161 na AD162 nilizozipata Nairobi, karibu na River Road, nikazileta zimefungwa ndani ya leso kama mayai. Kichezeo changu cha Philips kilitoa mota na sahani. Tuliikalisha mota juu ya vipande vya tyubu ya baiskeli ili mtetemo wake usipande hadi kwenye sindano. Sindano yenyewe ilikuwa ya yakuti, ambayo hulika haraka na ikilika huikwangua santuri. Tukaiondoa tukaweka ya almasi. Fedha iliyotumika kwa sindano ile pekee ingenunua mbuzi, na sijawahi kuijutia.

Betri ikipungua, mota hupungua, na mwimbaji huzeeka katikati ya wimbo. Fundi aliweka kidhibiti kidogo cha kushikilia volti, kisha tukapima mwendo kwa saa ya mkononi. Aliweka kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, tukahesabu: mizunguko arobaini na tano kwa dakika moja kwa santuri ndogo. Kwa kubwa, mizunguko mia kamili kwa dakika tatu. Tulihesabu kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza, tukarekebisha, tukahesabu tena hadi giza likaingia.

Kasha tulilifanya la mvule, mbao za inchi moja, futi mbili kwa futi mbili na nusu. Mvule ni mzito na hautetemeki ovyo. Spika ya yai ikakaa katikati, juu yake spika ndogo ya sauti za juu ikipokea kupitia kapasita, ili besi isiifikie na kuirarua. Ndani, ili sauti isigongegonge kati ya mbao, tuliweka pamba. Bukedi, eneo lenye Tororo, ilikuwa nchi ya pamba, na magunia mawili ya pamba iliyochambuliwa hayakuwa tabu kupata.

Siku ya kujaribu, fundi alinikataza kuanza na wimbo wa sifa. "Leta ule unaoujua kwa moyo." Nikaleta wa Kikongo, ule wa pande mbili. Wasikilizaji wa rika langu wanakumbuka: santuri ndogo haikuweza kubeba wimbo mzima, kwa hiyo upande wa kwanza ulikuwa na maneno, na upande wa pili sebene, pale magitaa yanapoachiwa uwanja. Lazima uinuke, uigeuze, uteremshe sindano, na katika ukimya ule mfupi mwili unajua kinachokuja. Mimi katika sebene hulifuata gitaa la mi-solo, lile linalosokota kati ya ridhimu na solo. Kwenye spika za ile baa, besi ililizamisha kabisa. Hapa nililisikia kila uzi.

Lakini bado haikuwa ile sauti. Ilikuwa safi mno, ina ncha. Sikujua jinsi ya kumweleza fundi.

Hapo ndipo mpaka ulipofungwa. Ilikuwa Desemba 1987. Askari wa nchi mbili walirushiana risasi Busia, na njia ikafungwa kwa siku kadhaa. Mimi nilikuwa Tororo na kasha langu, mke na mtoto wangu wakiwa upande wa pili, karibu na milio ile. Sitaki kuupamba wakati huo. Nililala nyumbani kwa Mjomba nikisikiliza redio ya Nairobi na ya Kampala kwa zamu, kila moja ikieleza habari kwa namna yake, na hakuna iliyoniambia nilichotaka kujua.

Jioni ya pili Mjomba alisema tulete chombo. Nadhani aliona sitaweza kuketi bure. Nikaliweka kasha sebuleni kwake, nikaunganisha betri, nikaweka santuri. Alisikiliza kidogo akiwa ameketi mbele ya spika, mikono magotini, kama mtu aliyeitwa ofisini. Kisha akainuka bila neno, akachukua kigoda, akatoka. Nikadhani hakupendezwa. Wimbo ulipofika nusu nikamfuata.

Alikuwa ameketi barazani, mgongo ukutani, kando ya mlango ulio wazi. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu mahali ambapo pangekuwa na kanyagio la cherehani.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo ilipo."

Nikaketi sakafuni kando yake, na ni kweli, ilikuwa pale. Ukuta ulikuwa umezikata sauti za juu na mlango umeupinda ule wimbo, na gitaa likarudi kuwa la mviringo. Miezi yote niliyomsumbua fundi nilikuwa nikitafuta sauti ya mtoto aliyekaa nje ya mlango. Asubuhi yake nilimweleza fundi, naye akaelewa mara moja. Akaweka resista moja mbele ya spika ndogo ili ipunguze usemi. Kazi hiyo haikuchukua nusu saa.

Njia ilipofunguliwa nilifika Busia na kasha langu. Wakati ule kutoka kituo kimoja hadi kingine ilikuwa zaidi ya nusu maili, na ndiyo sababu vijana wa baiskeli walipata kazi pale ya kuwatoa watu mpaka hadi mpaka, hata dunia ikapata neno bodaboda. Kijana mmoja alilifunga kasha juu ya kibebeo kwa mipira ya tyubu, tukalisukuma wawili. Askari walikuwa bado na wasiwasi, na sanduku zito lililofungwa kwa skurubu kumi na sita halikuwapendeza. Waliniagiza nilifungue, nikalifungua pale barabarani. Pamba yote ikatolewa, mkono ukapitishwa kila pembe, nikaruhusiwa. Nikaisokomeza pamba ndani kwa haraka, nikafunga kwa skurubu nane zilizoonekana.

Nilimkuta mke wangu na mtoto salama. Usiku huo, baada ya majirani kuondoka, niliwasha. Sauti ilikuwa ya pipa.

Fundi alikuwa ng'ambo, na baada ya siku zile sikutaka kuvuka tena upesi. Nikaanza mwenyewe. Kila jioni nilifungua nyuma, nikahamisha pamba: kidogo kutoka chini kwenda juu, konzi moja nyuma ya spika, konzi moja kutoka. Nilijifunza kwamba ikijaa mno sauti inakaba kama mtu aliyefunikwa shuka, na ikipungua inarudi kwenye pipa. Jaji wangu alikuwa Mama. Alikuja akakaa nasi mwezi mzima, na hakujali sebene wala mi-solo. Aliipenda akogo ya kwao Uteso, zile ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, lakini santuri ya akogo sikuwa nayo. Kwa hiyo alichagua gitaa la George Mukabi, ambaye alifariki mwaka 1963, lenye mlio wa chupa ya Fanta inayogongwa kushika mapigo.

"Chupa hiyo haina kitu ndani," Mama alisema jioni ya kwanza, "lakini kwako inalia kama imejaa maji."

Nikatoa pamba. Jioni ya tano au ya sita akasema, "Sasa ni chupa." Nikatia skurubu za chuma pale zilipopungua, na tangu siku hiyo sijaigusa pamba ile.

Miaka ikapita. Kaseti zilichukua nafasi ya santuri, maduka yakaacha kuuza santuri. Mapema miaka ya 1990 serikali ya Uganda ilikuwa ikiwarudishia Waasia majengo yao, na siku moja Mjomba, amezeeka, alishuka kwenye gari mlangoni kwangu akiwa na mwanamume mmoja. Alikuwa mtoto wa mwenye duka. Alipoondoka alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake alikuwa amefariki Leicester, mji ambao mwaka 1972 baraza lake lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi Waasia wasiende huko. Walikwenda hata hivyo, wakajenga maisha. Alikuwa amekuja kuona jengo, na Mjomba alikuwa amemngoja kwa miaka ishirini na moja ili amwambie jambo moja: ipo.

Nilimletea sanduku la bati. Nikampangia mezani valvu, Garrard, vifundo, misumari, na santuri mbili za Mohammed Rafi zilizokuwa ndani ya rediogramu. Nilimweleza tulichofanya na kwa nini, na kwamba spika ya baba yake ndiyo ile pale ndani ya mvule. Nilikuwa tayari kuifungua na kumpa. Alivishika vitu kimoja kimoja. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, ambacho hakikuwa kimeota kutu, "Mwalimu, naweza kusikia?"

Nikaweka Rafi. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Nilimwona usoni kwamba anatafuta kitu na hakipo.

"Ni nzuri sana," alisema. "Lakini sivyo ilivyokuwa. Ilikuwa... laini. Ilikuwa karibu."

Mjomba alinitazama. Ndipo nikaelewa alipokuwa ameketi mtoto yule: ndani, kati ya majora ya vitambaa yaliyopangwa kutoka sakafuni hadi darini. Sufu, pamba, khanga, hariri. Kitambaa hunywa mwangwi. Nyumba yangu ilikuwa kuta tupu na sakafu ya saruji.

Nikamwita mke wangu. Tulitoa kila kitu: mablanketi, magodoro, mapazia, vitenge vyake vyote, sare za watoto, hata magunia. Tukaviegemeza kwenye kuta nne, tukavirundika nyuma ya viti. Mgeni alivua koti lake akaliongeza. Tulipomaliza, sebule ilinuka kitambaa, nasi tukizungumza sauti zetu ziliishia midomoni. Nikamweka mgeni kwenye kigoda kifupi, chini, karibu na vitenge, ili masikio yake yawe kwenye kimo cha mtoto.

Niliteremsha sindano. Hakusema neno. Baada ya muda mfupi aliweka kiganja juu ya kitenge kilichokuwa kando yake, akakiacha hapo.

Niligeuka kumtafuta Mjomba, nikakuta kiti chake kitupu. Kigoda cha jikoni nacho hakikuwepo. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na chini, kwenye saruji ya baraza, niliona kiatu chake cha kulia kikipanda na kushuka. Upande wa kwanza wa santuri ukaisha. Kiatu kikasita hewani. Nikainuka, nikaigeuza.